Afya Nyumbani: Askari wa Damu Wanapozeeka

Hapa Bendera, kama kwingineko, twasikia mara nyingi maneno haya: «Babu anakohoa, lakini mwili wake si wa moto, na tungoje kwanza.» Kungoja huko kwaweza kumpoteza mzee. Leo tuone kwa nini.

Damu yetu ina chembe nyeupe, nazo ndizo askari wa mwili. Mwaka 1882, huko Messina nchini Italia, mtaalamu Ilya Mechnikov alimchoma mwiba mtoto wa kiti cha pweza, akaziona chembe zikija kuuzingira mwiba ule. Kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Je, askari hawa huua kwa silaha gani? Huua kwa oksijeni, iliyomo katika hewa tuivutayo. Chembe ikiisha kummeza kijidudu cha ugonjwa, huigeuza oksijeni kuwa sumu kali, ikamwunguza humo humo tumboni mwake. Nayo oksijeni ndiyo ikiotishayo kutu chuma cha mashua kuukuu ufukoni Kalemie. Basi, silaha hiyo ina makali pande mbili: ikivuja, humwunguza askari mwenyewe. Wahenga walinena: Kikulacho ki nguoni mwako.

Tena kuna mlango wa pili. Sote twaujua mtambo wa umeme wa hapa kwetu, uzungushwao na maji ya mto Kiymbi, upelekao nguvu Kalemie. Kila chembe nyeupe nayo ina mitambo yake midogo mno, iitwayo mitokondria, iunguzayo chakula kwa oksijeni. Mtambo mpya hutoa cheche chache. Mtambo mkuukuu hutoa nyingi. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alifundisha kwamba cheche hizo, zikirundikana, ndizo zituzeeshazo. Siku hizi wataalamu wasema uzee una sababu nyingine pia, lakini madhara ya cheche hizo hawayakani.

Mwili wa kijana hutengeneza vizima-moto, na kimojawapo chaitwa glutathioni. Kwa mzee hicho hupungua. Ndipo askari wake wapatwapo na mambo mawili yaonekanayo kupingana: wakati wa amani hutoa cheche ovyo na kuutia mwili moto wa chini kwa chini, wakati wa vita hupotea njia na kupiga kwa unyonge. Hii ni sababu moja inayofanya nimonia imwangushe mzee upesi.

Na homa je? Homa huja kwa sababu askari hao wamepiga mbiu ya hatari. Mbiu ikiwa hafifu, mwili waweza kukosa joto, ingawa adui yumo ndani tayari.

Labda utauliza: Basi, tumnunulie babu vidonge vya kuzima cheche? Usifanye haraka. Nchini Finland wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 waliingizwa katika jaribio, na mwaka 1994 ikajulikana kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kuliko wenzao. Afadhali sahani ya sombe na ndagala, na papai kando yake; afadhali kuacha tumbaku, na kutembea kidogo kila siku.

Lililo kubwa ni kuwa macho. Mzee akikataa chakula ghafula, akihema upesi, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akianguka bila sababu, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile, hata kama paji lake la uso ni baridi. Yeye alikesha nanyi mlipokuwa wachanga, wala hakungoja mpaka mlie mara ya pili.