Steringi Amekaa Kwenye Kiti cha Abiria

Watazamaji wa vibanda vya video wana kanuni moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika ukutani: steringi hafi. Risasi zitamwagika, gari litapinduka na kuwaka moto, naye atatoka vumbini akijikung'uta. Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuivumilia hofu ya saa mbili. Lakini ina upande wake wa pili. Ikiwa steringi hafi, basi wengine wote wanaweza kufa na hadithi isipungukiwe kitu. Upande huo unaonekana wazi zaidi katika filamu za basi au treni iliyotekwa. Ndani ya chombo kuna watu thelathini au arobaini, kamera imewaelekea muda wote, na mwisho wa filamu hatujui jina la hata watano kati yao. Naliona hilo kuwa kosa. Linawavunjia heshima watu wa aina yetu, sisi tunaopanda mabasi, na linaiharibu filamu yenyewe, kwa sababu matukio halisi ya utekaji yanaonyesha kwamba mara nyingi uzito wa kisa umo kwenye viti vya abiria.

Tuanze na filamu ambayo wengi huitaja kwanza. Speed, iliyoongozwa na Jan de Bont mwaka 1994, ina wazo ambalo hata mtoto analielewa. Bomu limefungwa chini ya basi la mjini Los Angeles. Basi likipita mwendo wa maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, bomu linakuwa tayari. Likirudi chini ya hapo, linalipuka. Kwa sharti hilo moja, kila kitu cha kawaida cha barabarani kinageuka kitisho: foleni, kona, taa nyekundu, mtu anayevuka. Askari Jack Traven, anayeigizwa na Keanu Reeves, analirukia basi likiwa mwendoni. Dereva anapojeruhiwa, usukani unashikwa na abiria Annie Porter, yaani Sandra Bullock. Mtegaji ni askari mstaafu mwenye kinyongo, anayedai dola milioni 3.7. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 350 na kushinda tuzo mbili za Oscar, zote za kazi ya sauti. Nasema bila kusita kwamba ni kazi iliyosukwa vizuri, na kumpa abiria wa kawaida usukani ulikuwa uamuzi mzuri kuliko wengi wa walioiga baadaye walivyothubutu.

Hata hivyo, angalia kinachowapata wale wengine. Wanapiga kelele, wanagombana kidogo, mmoja anauawa akijaribu kushuka, kisha waliobaki wanavushwa juu ya ubao hadi gari jingine. Wakishashuka, hatuwaoni tena, na filamu inaendelea bila wao kwa sehemu nzima ya mwisho hadi kwenye treni ya chini ya ardhi. Mabasi yetu mengi yana maandishi yanayomkumbusha abiria achunge mzigo wake. Katika filamu za namna hii abiria mwenyewe ndiye mzigo: anapakiwa, anatikiswa njiani, anakabidhiwa salama, na sifa anapewa mbebaji.

Ipo filamu ya zamani zaidi iliyoona mbali kuliko hiyo. The Taking of Pelham One Two Three ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Joseph Sargent kutokana na riwaya ya John Godey, inahusu treni ya chini ya ardhi ya New York inayotekwa na wanaume wanne wanaoitana kwa majina ya rangi. Wanataka dola milioni 1 ndani ya saa moja. Muda ukipita, mateka mmoja atauawa kila dakika. Hakuna anayeruka juu ya paa. Hofu yote inatoka kwenye kazi za watu wa kawaida. Wafanyakazi wa benki wanahesabu noti na kuzifunga mabunda huku saa ikiyoyoma, gari la polisi linalokimbiza fedha hizo linapata ajali njiani, na meya aliyelala na mafua anabishana na wasaidizi wake kama alipe au asilipe. Walter Matthau, akiwa ofisa wa polisi wa reli, muda mwingi amekaa mezani anazungumza kwa redio, na jambazi wa mwisho anaponzwa na chafya. Naipenda filamu hii kwa sababu inajua kwamba mji unaendeshwa na watu wengi, kila mmoja na kiti chake. Lakini hata hiyo, ikifika kwenye orodha ya waigizaji, inawataja mateka kwa aina: mama, mzee, mlevi, katibu muhtasi, na kadhalika. Majina hawana. Tony Scott alipoitengeneza upya mwaka 2009, mfanyakazi wa mezani aliyeigizwa na Denzel Washington ilibidi mwishoni apewe bastola na kumfukuza mtekaji hadi darajani. Aina hii ya filamu ina mvuto wake, na mvuto huo daima unaelekea kwenye mtu mmoja mwenye silaha.

Sasa tuyapime haya kwa matukio yaliyotokea kweli. Tarehe 12 Juni 2000, jijini Rio de Janeiro, kijana aitwaye Sandro do Nascimento alilishikilia basi la njia namba 174 kwa zaidi ya saa nne, televisheni zikirusha moja kwa moja. Alikuwa miongoni mwa walionusurika mwaka 1993 watoto wa mitaani walipouawa nje ya kanisa la Candelária. Alipotoka nje akiwa amemkumbatia mateka mmoja, askari alimsogelea ili ampige risasi, akamkosa, ikampata mateka. Mtekaji naye akamfyatulia yule mwanamke, ambaye alifariki. Kijana mwenyewe alikufa kwa kukosa hewa mikononi mwa polisi, ndani ya gari lao. José Padilha alilitengenezea tukio hilo filamu ya hali halisi mwaka 2002, na kubwa ninaloliona ndani yake ni sauti za abiria walionusurika. Wanaeleza jinsi mtekaji alivyojifanya amemuua mmoja wao, akafyatua risasi mahali pengine na kuwaamuru wengine wapige mayowe ili walio nje waamini. Mateka walijua jambo ambalo walenga shabaha, makamanda na mamilioni ya watazamaji hawakulijua. Kamera zote zilikuwa nje, na ukweli ulikuwa ndani.

Miaka kumi baadaye, tarehe 23 Agosti 2010, askari aliyefukuzwa kazi aliliteka basi la watalii kutoka Hong Kong jijini Manila, akitaka arudishiwe kazi yake. Kisa kilianza asubuhi kikaisha usiku, na ndani ya basi mlikuwa na televisheni iliyomwonyesha mtekaji kila hatua ya polisi, hata ndugu yake alipokamatwa. Wakati wa kuvamia ulipofika, askari walihangaika na nyundo kwenye vioo, na kamba waliyoifunga mlangoni ilikatika. Mateka wanane walikufa. Sikumbushi haya ili kuwabeza askari wa Brazili au wa Ufilipino, ambao kazi yao ni ngumu kuliko tunavyoweza kufikiri. Nakumbusha kwa sababu uvamizi wa silaha, ambao filamu huuonyesha kama tiba, ndiyo saa hatari kuliko zote kwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Tukio jingine, hili la Uholanzi, linaeleza jambo la ndani zaidi. Desemba 1975, karibu na kijiji cha Wijster, vijana wenye asili ya Maluku waliteka treni. Baada ya kuua, walimchagua mhariri mmoja wa gazeti awe anayefuata. Yeye aliomba nafasi ya kuacha ujumbe kwa familia yake. Watekaji wakamsikia akizungumza habari za nyumbani kwake, shida zake na watu wake, na baada ya hapo hawakuweza kumuua. Walimchukua mtu mwingine. Ni habari ya kuumiza, na haina faraja rahisi, lakini inatuonyesha jinsi utekaji unavyofanya kazi. Mtekaji anamhitaji abiria abaki namba: kichwa kimoja kwa dakika moja, watu kadhaa kwa dola kadhaa. Abiria akipata jina na mama na watoto, mkono wa muuaji unakuwa mzito. Filamu inayowanyima abiria majina inawatazama kama mtekaji anavyowatazama.

Hapa ndipo Mandera, kaunti ya Kenya, inapoingia. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Wasiokuwa Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilivamiwa katika kaunti hiyo hiyo, na wavamizi wakataka abiria wajitenge tena. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio na hijabu wajifunike, na wavamizi wakaambiwa ama wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi na kufariki Januari 2016, na taifa la Kenya likamtunukia nishani. Wengine wote waliendelea kuishi.

Kutokana na tukio hilo ilitengenezwa Watu Wote, filamu fupi ya dakika zipatazo 22, iliyoongozwa na Katja Benrath na kutoka mwaka 2017. Ilikuwa kazi ya mwisho ya masomo ya wanafunzi wa filamu kutoka Hamburg, walioifanya nchini Kenya pamoja na waigizaji wa huku, kwa Kiswahili na Kisomali. Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Inamfuata Jua, mwanamke Mkristo anayeigizwa na Adelyne Wairimu, ambaye magaidi waliwaua mumewe na mtoto wake, na anayepanda basi akiwachukia Waislamu waliomzunguka. Basi linaposimamishwa, watu hao hao ndio wanaomficha. Hakuna askari anayeruka dirishani. Silaha zote zipo upande mmoja, na upande wa pili una vitambaa na ulimi. Na bado, kwa kukaza moyo wa mtazamaji, dakika zile za kupitisha hijabu kati ya viti kabla mlango haujafunguliwa hazizidiwi na mruko wowote wa Keanu Reeves.

Wapo watakaosema mtu hulipa kiingilio ili aburudike na asahau shida zake, si ili afundishwe uraia. Wana haki, nami sitaki filamu ya mahubiri. Lakini kinachotufanya tushike pumzi kwenye filamu ni mtu aliyebanwa anayelazimika kuamua haraka. Steringi mmoja hutupa maamuzi ya mtu mmoja, na kwa kuwa hafi, hata hofu yake ni ya kuazima. Basi lenye watu arobaini lina maamuzi arobaini, na hatujui nani atashuka hai. Wengine watasema hadithi haiwezi kubeba sura arobaini. Kweli, na ndiyo maana Watu Wote yenyewe inawashika zaidi Jua na mwalimu Salah Farah. Tofauti ni kwamba wote wawili walikata tiketi, na ujasiri wao ungekuwa bure kama viti vya nyuma vingesaliti.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba sifa za namna hii zinaweza kumfundisha mtu abishane na bunduki. Waliouawa mwaka 2014 hawakufa kwa kukosa moyo. Walishtukizwa, na kwa maoni yangu waliokataa mwaka 2015 walikuwa na jambo ambalo wale wa kwanza hawakuwa nalo: tayari walijua kutengwa kunaishia wapi. Filamu haipaswi kugeuza kisa hiki kuwa mwongozo wa abiria, wala kuitumia hijabu kufunika wajibu wa serikali wa kuilinda barabara hiyo. Lakini ukimya nao unafundisha. Mtazamaji aliyelelewa na steringi wa kuja kutoka nje atashangilia uvamizi hata pale ambapo subira ingeokoa watu, na akijikuta ndani ya basi atasubiri mkombozi asiyefika.

Watayarishaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanataka kutengeneza filamu za mapambano, na watazamaji wanazitaka. Wasianze kwa kutafuta kijana mwenye misuli. Waanze na konda anayejua nani ameshukia wapi, dereva anayesikia injini kabla ya mtu mwingine, mama anayesafirisha bidhaa, mwanafunzi anayerudi shule, na wawili waliogombania dirisha tangu stendi. Watu hao wana lugha zao, dini zao, chuki zao na vyakula walivyogawana njiani. Wanafunzi wa Hamburg walifika wakaona kwamba hayo yanatosha. Mafundi wetu wana kamera na wanalijua basi hilo tangu utotoni. Wakifika pale bunduki zinapogonga bati la mlango, waiache kamera ndani, iangalie mwanamke mmoja anavyofungua mkoba wake na kutafuta, haraka, mtandio wa pili.