Mota ya Baba Mkwe

Ndoa nyingi hugombana kwa ajili ya simu. Sisi tuligombana kwa ajili ya gramafoni.

Ni Garrard SP25, kazi ya Swindon, Uingereza, mali ya marehemu baba mkwe. Ilikuja kwetu na boksi la santuri za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za Tanga za ujana wake. Ukiiwasha, inanguruma na kuzunguka kichovu, waimbaji wanaimba kama wamelewa. Siku alipopita mnunuzi wa vyuma chakavu, nikaropoka, "Tumpe na hili." Mama Neema akanitazama. "Basi niuze na mimi."

Siku 3 tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Jumamosi nikamwambia, "Njoo unishikie tochi." Akaja, kimya.

Ukitaka kujaribu, kwanza chomoa waya ukutani, maana umeme hauna utani. Toa sinia, pale santuri inapokaa, kisha fungua skrubu za mota. Kabla ya kuitenganisha, ipige picha na uweke alama ubavuni, ili vipande virudi vilivyokuwa. Ndani utakuta ekseli inayozunguka kwenye bushi 2 za shaba, moja juu, moja chini. Bushi hizo zina vitundu vidogo mno vinavyohifadhi oili. Miaka ikipita, oili hukauka na kuwa kama gundi. Mota haijafa, imekabwa tu.

Nikafuta ekseli na bushi kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha matone machache ya oili nyepesi ya mashine, nikaacha bushi zinywe. Usipulizie dawa ya kulegeza kutu: hukauka upesi, ukarudi pale pale. Kile kigurudumu cha raba kinachosukuma sinia kisafishe kwa spiriti kidogo, na oili isikiguse kabisa, kitateleza.

Katikati ya kazi Mama Neema akasema, "Baba alikuwa hataki tukimbie sebuleni. Ati sindano itaruka." Akacheka, kisha akalia. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Nami nilidhani ameshapoa!

Nikaweka bisibisi chini. Mota ikasubiri.

Tulipoirudisha, tukabandika kikaratasi ukingoni mwa sinia. Kwa kasi ya 33 na theluthi, dakika 3 ni mizunguko 100 kamili. Mimi nikashika saa, yeye akahesabu: 94. Bushi zilikuwa hazijakaa sawa. Nikagonga taratibu ubavu wa mota kwa mpini wa bisibisi, tukaiacha izunguke nusu saa. Safari hii tukahesabu wote kwa sauti. 98, 99, 100!

Akachagua mwenyewe santuri ndogo ya Jamhuri Jazz, akahamishia kasi ya 45. Gitaa lilipoingia, akaniegemea begani. "Asante, Baba Neema." Hatukuongeza neno.

Wanaume wenzangu, kabla hujakiita kitu takataka, muulize mwenzio anasikia nini ndani yake. Mimi nilisikia mngurumo. Yeye alikuwa anamsikia baba yake.