Udongo Mweusi wa Msituni Ubaki Msituni

Mtarakwa wangu wa kwanza wa bonsai ulikufa kwa kushiba. Niliupanda kwenye bakuli la kina cha vidole vitatu, nikalijaza udongo mweusi wa msituni, ule unaouzwa kwa kiroba, laini kama ugoro. Kila aliyeuona alisifu. Ncha za majani zilipoanza kukauka nilidhani mti una kiu, nikazidisha maji. Siku niliyoung'oa, mizizi ilikuwa imeoza na inanuka kinamasi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lushoto nzima inaamini kwamba udongo ukiwa mweusi na ukitoka msituni, chochote utakachopanda kitastawi. Mimi nasema imani hii inaua mti chunguni na kuumiza mlima ulikochotwa.

Tuanze na chungu. Chukua sifongo la kuoshea vyombo, lichovye majini, liinue likiwa limelala bapa mpaka liache kudondosha. Sasa lisimamishe. Maji yatachuruzika tena, ingawa sifongo ni lilelile. Udongo wa chunguni nao huacha tabaka la maji chini ambalo haliondoki, na kimo cha tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe, si kina cha chungu. Kwenye ndoo ndefu, tabaka hilo ni sehemu ndogo tu. Kwenye bakuli la bonsai ni karibu bakuli zima, na mizizi inakosa hewa. Kutandika kokoto chini hakusaidii: maji hayashuki kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wenyewe ulowe chepechepe, kwa hiyo unalipandisha bwawa karibu zaidi na shina.

Utaniuliza: mbona msituni miti inanenepa? Kwa sababu kule udongo una kina, una minyoo na mchwa wa kuutoboa, na majani huanguka juu yake mwaka mzima. Rutuba ni kazi inayoendelea pale, haifungwi kwenye kiroba. Tena imejaa kwenye tabaka jembamba la juu. Chini yake ni udongo mwekundu wenye tindikali na chakula kidogo. Mkulima wa kabichi anajua kwamba shamba lililofyekwa msituni humlisha misimu michache, kisha linadai samadi.

Milima yenyewe, hii yetu ya Usambara, ilishatoa ushahidi. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huku Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la Usambara, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Leo linakaa kwenye madirisha ya dunia nzima. Huku kwao huota kwenye miamba, limejishikiza kwenye nyufa zenye kuvumwani na kiganja cha majani yaliyooza. Mmea wa chunguni maarufu kuliko yote tuliowapa walimwengu hauombi udongo mzito.

Sasa mlima. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP ulihimiza wakulima wa Lushoto kupanda majani na miti kwa kufuata kontua ili udongo usiteremke. Tumehangaika miaka yote hiyo kuuzuia usiondoke na mvua, halafu tunamlipa mtu auteremshe mgongoni! Na ukichotwa kwenye hifadhi kama Magamba bila kibali, huo ni wizi.

Nakubali jambo moja. Misonobari huhitaji kuvu la mizizini, na watu wa vitalu walichukua udongo chini ya misonobari mikubwa ili kuambukiza miche. Lakini chachu ni kiganja, si lori.

Wajapani, mabingwa wa bonsai, hutumia akadama, na jina hilo lina maana ya madonge mekundu: udongo wa volkano uliokaushwa na kuchekechwa. Hatuna haja ya kuuagiza. Tunayo matofali ya kuchoma. Chagua lililoiva, linalolia ukiligonga; lile bichi litarudi kuwa tope. Livunje, chekecha, tupa vumbi, bakiza chembe za kati ya punje ya mtama na harage dogo. Changanya mafungu mawili ya tofali, moja la kokoto ndogo, moja la magome ya msonobari yaliyooza. Magome yanapatikana penye kupasuliwa mbao. Gharama yake ni kwamba utamwagilia karibu kila siku wakati wa kiangazi na kulisha mti kidogo kidogo, kwa kuwa tofali halina chakula. Asiyetaka kazi hiyo apande mti wake ardhini.

Mtarakwa wangu wa pili umekaa kwenye vipande vya matofali ya jiko lililobomolewa. Wageni wakiuona huniuliza, kwa huruma kabisa, kama nimeishiwa udongo.