Mwenye mimba aliyeacha unga asiachwe peke yake leba



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya Isha niliomba kamati ya msikiti itenge fedha za kuwafundisha akina mama sita walioacha unga, ili wawe wasindikizaji wa wajawazito wanaotumia methadoni, tangu mimba mpaka arobaini. Maneno yakawa mengi. Mmoja akaniandikia: "Sheikh, sasa mateja tunawapa ukunga?" Najibu hapa, kwa kuwa wenye swali hilo ni wengi na wamenyamaza tu.

Si ukunga. Anayezalisha ni mkunga aliyesomea. Msindikizaji, ambaye wenzetu wa nje wanamwita dula, hatoi dawa wala hakati kitovu. Anakaa na mwenye uchungu, anamkanda mgongo, anampa maji, anamwitia nesi, anamkumbusha kumtaja Mola wake. Bibi zetu walilijua hili. Mwali alikuwa na somo wake, na siku ya uchungu nyumba ilijaa wanawake. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2018 lilipendekeza kila anayejifungua awe na mtu wa kukaa naye aliyemchagua mwenyewe. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, zilionyesha kuwa aliyekaliwa karibu muda wote uchungu wake huwa mfupi zaidi, na upasuaji hupungua.

Sasa jiulize, huyu aliyetoka kwenye unga atamchagua nani? Mama yake alishachoka zamani, tangu masufuria yalipoanza kupotea jikoni. Mume, kama yupo, pengine bado yuko maskani. Anashushwa na bajaji getini na mfuko wake wa kanga na glovu, anaingia peke yake.

Mtasema basi asindikizwe na mama yeyote mwema wa darsa letu. Hapo ndipo tunapotofautiana. Mama mwema asiyejua atamwambia kwa nia safi: "Mwanangu, acha na hiyo methadoni, mtoto atadhurika." Maneno hayo yanaua. Mwenye mimba akikatishwa ghafla, arosto inamrudia, na nyuma yake unarudi unga. Mimba yenyewe inaweza kutoka, au mtoto akaja kabla ya wakati. Ndiyo maana tangu 2014 mwongozo wa Shirika hilohilo unasema mjamzito mwenye uraibu wa heroini aanzishiwe au aendelee na methadoni au dawa ya aina yake, asikatishwe. Hapa kwetu Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mtu anakwenda kila siku, anakunywa mbele ya mhudumu. Mimba ikikua huenda daktari akaongeza dozi, na majirani wanaona amerudi nyuma, kumbe mwili ndio umebadilika.

Aliyepita njia hii anajua mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui. Anajua kumwambia nesi mapema kwamba huyu anatumia methadoni, kwa sababu zipo sindano za maumivu ambazo zikimwingia mtu huyo zinamtia arosto papo hapo. Anajua kuwa methadoni ya asubuhi haiondoi uchungu wa kuzaa, kwa hiyo akiomba dawa ya maumivu asionekane amerudi kwenye tabia. Anajua mtoto anaweza kutetemeka, kulia sana na kunyonya kwa shida siku za mwanzo, na kwamba hilo linatibika, huku kukaa kifuani kwa mama kukisaidia. Mama aliyetulia kwenye methadoni kwa kawaida hushauriwa anyonyeshe. Wangapi wamenyang'anywa mtoto ziwani na mawifi kwa kutolijua hili?

Wapo wanaosema methadoni nayo ni kileo. Kwa ninavyoona mimi, dawa anayopewa mgonjwa na daktari, kwa kipimo, ili asife, si sawa na kete ya maskani. Mwenye elimu zaidi anisahihishe kwa hoja, asinitukanie wagonjwa.

Katika Sahih Muslim, Imran bin Husayn anasimulia habari ya mwanamke wa Juhayna aliyemjia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akiwa na mimba ya zinaa. Mtume alimwita walii wake akamwamuru amtendee wema mpaka ajifungue. Kisa kina mwisho wake, na waliosoma wanaujua. Mimi natazama amri ile: dhambi imekiriwa waziwazi, na bado jamaa zake wanaamrishwa wema kwa mwenye mimba. Huyu wetu ametubu na anatibiwa. Tuna udhuru gani?

Kuna hofu moja naikubali. Msindikizaji mwenyewe anaweza kuteleza. Anaitwa usiku wa manane, anaona mwenzake anavyoteseka, na kidonda chake kinatoneshwa. Kwa hiyo hatuchukui aliyeacha juzi. Wakae wawili wawili, wawe na muuguzi wa kuwasimamia na kuwasikiliza, na walipwe. Msiniambie thawabu zinatosha. Imamu mwenyewe hulipwi kwa thawabu pekee. Na sharti ambalo sitalilegeza ni sitara. Atakayetoa siri ya mzazi barazani, siku hiyohiyo kazi imekwisha.

Fedha ninazoomba ni za nauli, vocha, chakula cha usiku na posho ya siku za mafunzo. Kamati inakaa Jumapili baada ya Alasiri, na mwenye pingamizi aje aseme mbele yetu. Dada zangu wakunga na wauguzi mlio tayari kufundisha, niandikieni, au mwambieni mke wangu, maana mengine mtaona haya kuniambia mimi.

Wabillahi tawfiq.