Chuo Kikuu Huanzia Darasa la Nane

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, swali ni lile lile katika familia zetu: mtoto aende kitivo gani? Wajomba wanakutana, majirani wanatoa ushauri. Kwa maoni yangu, swali hilo limechelewa miaka minne. Sehemu kubwa ya jibu ilikwisha kutolewa, pengine bila mtu kutambua, mtoto alipokuwa darasa la nane.

Tukumbuke jinsi mfumo wetu ulivyojengwa. Baada ya miaka 6 ya shule ya msingi, mtoto anasoma darasa la saba na la nane. Mwishoni anafanya mtihani wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi, yaani TENASOSP, kisha anaingia humanite za miaka 4. Huko lazima ashike tawi: fasihi, pedagojia, sayansi, biashara, au ufundi. Ana umri wa miaka 14 hivi. Nani amemweleza kila mlango unatokea wapi? Mara nyingi anamfuata rafiki, au anachukua tawi lililopo katika shule ya karibu, au lile ambalo wazazi wanaweza kulilipia. Baadaye anatamani udaktari, na kemia hakuisoma ya kutosha.

Wapo watakaosema: mwacheni mtoto acheze, mambo ya chuo yatakuja kwa wakati wake. Ningekubali kama mtoto huyo asingetakiwa kuchagua. Lakini anatakiwa, na kumwacha achague gizani si kumhurumia.

Hata hivyo, tawi peke yake halitoshi. Sisi wa lugha tunakiona kinachowaangusha wengi mwaka wa kwanza, wa sheria sawa na wa kilimo: kusoma kurasa kumi za Kifaransa na kueleza kwa maneno yao wenyewe zinasema nini. Profesa anafundisha, wao wanangoja silabusi. Silabusi ikipatikana, wanaikariri. Tabia hiyo haikuzaliwa chuoni. Ilianza pale daftari lilipokuwa nakala ya ubao, na jibu zuri likawa lile linalorudisha maneno ya mwalimu bila kupunguza hata nukta.

Dawa yake haidai fedha nyingi. Mwanafunzi wa darasa la saba asome ukurasa mmoja wa Kifaransa jioni, afunge kitabu, aandike kwa Kiswahili alichoelewa. Kesho yake ayaandike hayo hayo kwa Kifaransa. Pasipo na kitabu, kipande cha gazeti kinatosha. Wazazi wanaodhani Kiswahili kitamharibia mtoto Kifaransa wanakosea. Hapa Kiswahili ni mizani: jambo usiloweza kumweleza mama yako kwa lugha ya nyumbani, bado hujalielewa. Nayo sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa vyombo vya kufundishia. Tunangoja nini kuzitumia?

Najua walimu wa darasa la nane wamelemewa. Madarasa yamejaa, mishahara ni midogo. Kwa hiyo mzigo huu tusiwatwishe wao peke yao. Wanafunzi wenzangu, kila mmoja wetu ametoka shule fulani. Tukiomba ruhusa kwa mkuu wa shule, tunaweza kurudi huko mara moja kwa mwezi: saa moja ya kusoma na kufupisha pamoja na watoto, na nusu saa ya kuwaeleza kila tawi linadai nini na linafungua vitivo gani. Wazazi nao waalikwe, kwa maana wao ndio wanaolipa.

Tuanze kabla ya TENASOSP ijayo, kwani wahenga walisema: udongo upatilize ungali maji.