Pimeni maziwa kabla samaki hawajafa

Februari 2010, samaki waliokufa walionekana wakielea kandokando ya Ziwa Naivasha. Vidole vikanyooshewa mashamba ya maua na dawa zake. Wachunguzi wakataja upungufu wa oksijeni majini. Ubishi wa namna hii haukatwi na chupa ya maji iliyochotwa samaki wakiwa wameshaoza. Hukatwa na daftari la vipimo vya miaka iliyotangulia.

Kanada wanalo daftari hilo. Kaskazini-magharibi mwa Ontario, mwaka 1968, maziwa madogo kadhaa yalitengwa kwa utafiti, mengi yakijulikana kwa namba tu. Mwaka 1973 mtafiti David Schindler na wenzake walilikata Ziwa 226 katikati kwa pazia. Pande zote mbili walizitia kaboni na naitrojeni. Upande mmoja wakauongezea fosforasi. Haukupita muda mrefu, upande huo ukageuka kijani kwa mwani. Picha yake iliyopigwa kutoka angani ilitia nguvu hoja ya kupunguza fosforasi katika sabuni za kufulia.

Hilo lilikuwa jibu la haraka. Ziwa 227 lilihitaji subira. Lilianza kutiwa mbolea mwaka 1969, na kuanzia 1990 likanyimwa naitrojeni, fosforasi ikiendelea. Aliyetegemea mwani upungue alikosea, kwani zilishamiri aina zinazojitwalia naitrojeni hewani. Ripoti ya vipimo vya miaka 37 ilitoka mwaka 2008. Wapo wataalamu wanaokataa kwamba jibu hilo linafaa kila ziwa, lakini angalau wanabishana wakiwa na takwimu mezani.

Lenye thamani kuliko yote, hata hivyo, ni ziwa lisilotiwa kitu: Ziwa 239. Wapimaji hulirudia mwaka baada ya mwaka, wakichota maji, wakipima joto, wakishusha sahani nyeusi na nyeupe hadi ipotee machoni ili wajue uwazi wa maji. Kazi hiyo inachosha na haina sherehe. Ndiyo iliyoonyesha kwamba katika miaka 20 ya mwanzo joto la ziwa lilipanda kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi, na kipindi kisicho na barafu kikarefuka kwa wiki 3 hivi. Bila ziwa kama hilo, nani angetenganisha kosa la mtu na ukame?

Hata hivyo, mwaka 2012 serikali ya Kanada ilitangaza kuacha kugharimia kituo cha utafiti wa maziwa hayo. Wanasayansi walipiga kelele, na mwaka 2014 taasisi isiyo ya kiserikali ikakipokea. Kwa nchi tajiri, uamuzi ule ulikuwa wa aibu.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi, maana vipimo vingi huja na mradi na kuondoka nao. Mfadhili akimaliza miaka yake mitatu, daftari hufungwa. Chukua Ziwa Duluti, ziwa dogo la kreta karibu na Tengeru, Arusha, mwendo mfupi tu kutoka Taasisi ya Nelson Mandela. Linahitaji mtumbwi, kipimajoto, sahani ya rangi mbili, chupa za sampuli na mpimaji mmoja mwenye ajira ya kudumu. Halmashauri imtengee fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, na nakala ya daftari ihifadhiwe chuoni, ili mpimaji atakayemrithi aanzie ukurasa alioishia mwenzake.