Dhahabu Haikuwa Ujinga

Wako wasomi wafundishao kwamba wachoraji wa Ulaya katika Zama za Kati hawakujua kazi, na kwamba ustadi ulizaliwa ghafula Italia wakati wa Mwamko wa karne ya 15. Neno hili nalikataa. Asili yake yajulikana: Giorgio Vasari, mchoraji wa Toscana, alilieneza katika kitabu chake cha maisha ya wasanii kilichochapwa mwaka 1550, naye alikuwa na hamu ya kuwatukuza watu wa kwao. Si ajabu kwamba alisema. Ajabu ni kwamba sisi, baada ya miaka 400 na zaidi, twamwitikia.

Na tuitazame kazi yenyewe. Fundi wa Siena aliupaka ubao wake gundi, akauvika kitambaa cha kitani, akaukandika jasi tabaka juu ya tabaka, akaisugua hata ikawa laini kama pembe ya ndovu. Mahali pa dhahabu alitanguliza udongo mwekundu, ili dhahabu iliyofuliwa nyembamba ipate joto kutoka chini yake, kisha akaing'arisha kwa jiwe au kwa jino la mnyama. Mahali pa uso alitanguliza udongo wa kijani, ndipo juu yake akatia rangi ya waridi na nyeupe. Rangi alizikoroga kwa kiini cha yai, nacho hukauka upesi. Kwa hiyo mkono ulikwenda kwa mistari midogo midogo, bila nafasi ya kusitasita. Huyu ndiye asiyejua kazi? Duccio alipomaliza picha yake kubwa ya Bikira Maria mwaka 1311, watu wa Siena waliisindikiza kwa maandamano hata kanisa kuu.

Wataniuliza: mbona nyuma ya watakatifu pana dhahabu, wala si anga la buluu? Kwa sababu picha zile zilitazamwa kwa mwanga wa mishumaa, na mchoraji hakutaka kuonyesha anga la mashambani. Alitaka nuru isiyo ya dunia hii, akaipata.

Sisemi kwamba hapakuwa na mageuzi. Giotto, huko Padua yapata mwaka 1305, alichora juu ya lipu mbichi ya chokaa, kipande kwa kipande, kila kipande kadiri ya kazi ya siku moja. Masaccio alifanya vivyo hivyo Florence yapata mwaka 1427 alipochora Utatu Mtakatifu. Ila katika lipu yake mmeonekana alama za mistari iliyopimwa kwa uzi, yote ikielekea mahali pamoja. Uzi ndio mpya. Chokaa ni ile ile.

Na mafuta je? Vasari alimpa Jan van Eyck sifa ya kuyavumbua. Lakini mtawa Theophilus alikwisha kuandika juu ya rangi za mafuta ya kitani katika karne ya 12, na Lessing alilitoa jambo hilo hadharani mwaka 1774. Van Eyck aliyaboresha mno, kwa tabaka nyembamba zipenyazo nuru. Picha ya Ghent ya mwaka 1432 yashuhudia. Kuboresha si kuvumbua. Cennino Cennini naye, katika kitabu chake cha ufundi cha yapata mwaka 1400, alieleza namna ya kuchora kwa mafuta. Vasari hawezi kusingizia kwamba hakupata habari za kitabu hicho: amekitaja mwenyewe.